Ulinzi Tunao, Usalama Je?

Mwanzo wa mwaka ni wakati wa pilikapilika hapa Overport. Wanafunzi hupanda na kushuka vilima na masanduku yao wakitafuta vyumba, kuanzia Ridge Road hadi Sparks Road, ambayo siku hizi inaitwa Moses Kotane Road. Miongoni mwao wamo watoto wetu, Watanzania, Wakenya, Wakongo na Warundi. Na kila mwaka wazazi walioko nyumbani hutupigia simu na swali lile lile: "Kaka, huko usalama ukoje?"

Sisi ni wahandisi, kwa hiyo jibu letu lilikuwa la kihandisi. Uzio wa umeme upo, geti la kadi lipo, kamera zipo, walinzi wapo usiku na mchana. Mzazi alishukuru, nasi tukalala usingizi.

Jibu hilo lilitushinda siku binti wa kaka yetu, anayesoma katika chuo kimoja cha hapa Durban, alipotuambia kuwa hajaingia maabara wiki mbili. Tukadhani ameporwa simu njiani. Kumbe kulikuwa na mtu wa huko huko maabara aliyekuwa akimwandama kwa maneno na vitisho. Tukamuuliza, mlinzi wa getini anafanya kazi gani? Akatujibu taratibu: "Baba mdogo, na yeye ana kadi ya geti."

Tangu siku ile tunajiuliza: je, ulinzi na usalama ni kitu kimoja?

Swali si geni kwetu. Mwaka 1990, sisi tukiwa bado vijana wa sekondari, kulikuwa na kundi la siri katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam lililojiita Punch. Kazi yake ilikuwa kubandika ukutani matusi na michoro ya kudhalilisha wenzao. Mwaka huo mwanafunzi wa kike aliyekuwa akisumbuliwa na kundi hilo alijitoa uhai. Chama cha Wanahabari Wanawake Tanzania, TAMWA, kilipaza sauti, lakini binti alikwishaondoka. Hakuna mwizi aliyeruka ukuta pale Mlimani. Kikulacho ki nguoni mwako.

Tusieleweke vibaya. Hatusemi kuta zibomolewe. Tarehe 2 Aprili 2015 magaidi waliingia Chuo Kikuu cha Garissa nchini Kenya na kuua watu 148, wengi wao wanafunzi. Nani baada ya hapo atadharau mlinzi? Lakini siku kumi baadaye, alfajiri, hitilafu ya umeme ilitoa mlipuko katika kampasi ya Kikuyu ya Chuo Kikuu cha Nairobi. Wanafunzi wakadhani wamevamiwa, wengine wakajirusha madirishani. Mmoja alikufa na zaidi ya mia moja wakaumia. Adui hakuwepo. Hofu peke yake ilitosha.

Na hapa hapa Durban, Februari 2019, mwanafunzi Mlungisi Madonsela, kijana wa miaka 20, alipigwa risasi akafa kwenye vurugu kati ya wanafunzi na walinzi katika Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Durban. Ilikuwa katika kampasi yenye jina la Steve Biko, aliyefia mikononi mwa polisi mwaka 1977. Mwenye silaha getini humlinda nani, na dhidi ya nani?

Katika kazi yetu, daraja halipimwi kwa nguzo yake nene kuliko zote, bali kwa kiungo kilicho dhaifu. Ulinzi hununuliwa kwa zabuni. Usalama ni mwanafunzi kuweza kusema "ninaumizwa" akapata wa kumsikiliza. Kiungo hicho kikikatika, uzio wote uliobaki ni pambo.

Sasa tukiri kosa letu. Binti yule alipotueleza, neno letu la kwanza lilikuwa, "Vumilia mwanangu, mwaka unakwisha." Tuliogopa asije akaharibu masomo, tena ugenini, ambako hata kibali cha kuishi kinategemea hayo masomo. Yaani siku ile kiungo dhaifu kilikuwa sisi wenyewe. Mama yake mdogo ndiye aliyesimama, akamshika mkono, wakaenda chuoni kutoa malalamiko. Shauri lilichukua miezi. Halikwisha kama tulivyotaka, lakini binti alihamishiwa kundi jingine na akarudi maabara.

Siku hizi mzazi akipiga simu, tunamweleza habari za geti na kamera, kisha nasi tunamuuliza swali moja: mwanao akipatwa na jambo la aibu usiku wa manane, atampigia nani bila kuogopa kukaripiwa?

Wengi hunyamaza kidogo kabla ya kujibu. Nasi tulinyamaza.