Kufuli Ulilolifunga Mwenyewe

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Allah, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad, ahli zake na masahaba zake.



Muhula huu hapa Mbale wenzangu wengi wameniletea simu zao kwa shida moja. Wameweka programu ya kufunga TikTok, YouTube na tovuti zisizofaa, kwa nia njema: wapate kudurusu, wahifadhi Qur'ani, waamke Alfajiri. Siku tatu programu inafanya kazi. Siku ya nne kila kitu kimefunguka. "Sheikh, hii programu ni mbovu," wananiambia. Mimi nasoma Masomo ya Kiislamu, si ufundi wa simu, lakini kwa kuangalia simu hizo nimeona sababu ni zile zile tatu.

Ya kwanza ni betri. Simu nyingi tunazotumia huzima programu zinazofanya kazi chinichini ili kuokoa chaji, na mlinzi wako huzimwa pamoja nazo. Ingia kwenye mipangilio, sehemu ya betri, uiruhusu programu hiyo ifanye kazi bila kizuizi. Kisha iruhusu ijiwashe simu inapowashwa.

Ya pili ni ruhusa. Programu nyingi za namna hii hutegemea ruhusa ya ufikivu, nayo huweza kuondoka baada ya programu kusimamishwa au kuwekwa upya. Irudishe. Lakini tahadhari: ruhusa hiyo huiwezesha programu kuona yaliyo kwenye kioo chako, pamoja na mazungumzo ya watu waliokuamini. Hiyo ni amana. Usimpe programu usiyoijua ilikotoka.

Ya tatu ndiyo iliyonifanya niandike. Sisi Waganda tumeijua VPN kwa sababu zetu. Julai 2018 ilikuja kodi ya shilingi 200 kwa siku kwa mitandao ya kijamii, watu wakajifunza kuikwepa. Januari 2021, siku za uchaguzi, Facebook ikafungwa, na ikaendelea kufungwa hata intaneti iliporudi. Basi VPN ikawa kitu cha kawaida katika simu ya mwanafunzi. Sasa, programu nyingi za kufunga tovuti nazo hutumia njia ya VPN ndani ya simu, na simu za Android hazikubali VPN mbili kwa wakati mmoja. Ukiwasha ya Facebook, ya ulinzi inazimika. Dawa yake ni kuchagua programu ya ulinzi isiyotumia VPN, au kuiacha VPN nyingine.

Ndugu mmoja alinijia na shida hiyo siku chache kabla ya likizo. Alikuwa amefika juzuu ya kumi na moja, na sasa hata ya tano hawezi kuisoma bila kusita. Alikuwa anarudi nyumbani Jinja, na baba yake, mvuvi, angemwuliza amefika wapi. Nilimweleza habari ya VPN mbili. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Najua. Nilijua tangu wiki ya kwanza. Kila usiku naiwasha ya Facebook ili ile nyingine izimike, halafu najiambia nilitaka Facebook tu."

Ndugu zangu, maneno yale yalinikumbusha Sura ya Al-A'raf, kuanzia aya ya 163. Ni habari ya watu wa mji uliokuwa kando ya bahari. Walikatazwa kuvua siku ya Sabato, na samaki wakawa wanawajia siku hiyo hiyo juu ya maji, na siku nyingine hawaji. Wafasiri wanaeleza kwamba walitega mitego kabla ya siku ile, wakachukua samaki baada yake, kisha wakasema, sisi hatukuvua siku ya Sabato. Mwana wa mvuvi alikielewa kisa kile haraka kuliko mimi. Wavu ukiutega wewe, samaki ni wako, hata kama umelala unapoingia.

Tuangalie pia makundi ya mji ule. Walikuwepo walioasi, walikuwepo walioonya, na walikuwepo waliowauliza waonyaji: mnawaonya wa nini watu ambao Allah atawaangamiza? Waonyaji wakajibu kwamba wanataka wawe na udhuru mbele ya Mola wao, na huenda hao wakamcha. Allah anatueleza kwamba aliwaokoa waliokuwa wakikataza maovu. Kwa hiyo nikamwambia ndugu yule: dawa ya simu nimekupa, iliyobaki ni neno la siri. Asilijue mwenye simu. Alijue mwenzako unayemstahi, atakayekuuliza kila Ijumaa. Na wewe unayepewa neno hilo, usimsute mwenzako wala usimtangaze. Aibu yake ni sitara mikononi mwako.

Wapo wanaosema kwamba muumini wa kweli hahitaji kufuli, amche Allah tu. Maneno hayo yanapendeza, lakini tumtazame Nabii Yusuf, amani iwe juu yake. Milango ilifungwa ili aangukie dhambini, naye akaukimbilia mlango. Kisha alipozidi kushawishiwa aliomba kwamba jela anaipenda kuliko anayoitiwa, na akakiri kwamba Allah asipomwepusha na vitimbi vile ataelekea kwao. Huyo ni nabii. Mimi na wewe, saa sita za usiku, data ikiwa imebaki, tunajiamini kwa lipi? Mtume, rehema na amani zimfikie, alimwelekeza mtu amfunge ngamia wake kisha ategemee. Alifananisha pia mambo yenye shaka na mchungaji anayelisha kando ya eneo lililokatazwa, anayekaribia kuingia ndani. Katika fiqhi tunasoma mlango mzima wa kuziba njia zinazopeleka kwenye haramu. Kufuli la simu ni mtoto mdogo wa mlango huo.

Lakini tusiapie. Nimesikia wanafunzi wakisema, "Wallahi sitafungua TikTok mwezi mzima." Ukiapa kwa kukusudia ukavunja, una kafara iliyotajwa katika Al-Maida aya ya 89: kulisha maskini kumi, au kuwavika, au kumwacha huru mtumwa, na asiyepata afunge siku tatu. Weka nia, weka kufuli, omba msaada. Ulimi uachie.

Jambo la mwisho. Sisi tunaotoka Jinja tunalijua bwawa lililofunguliwa mwaka 1954 pale Naili inapoanza safari yake. Lile bwawa halikuukomesha mto. Maji yanapita kwenye mitambo, yanatoa umeme, kisha yanaendelea na safari. Muda wako nao ni hivyo: ukiufunga bila kuupa pa kupita, utatafuta ufa. Sura ya Al-Inshirah inatuelekeza kwamba tukimaliza shughuli tushike juhudi nyingine. Basi kabla hujafunga TikTok saa nne usiku, amua saa nne usiku utafanya nini. Kurasa mbili za kurudia. Simu kwa mama. Witri, kisha kulala. Ndugu yule tulimpangia nusu juzuu kwa siku, msikilizaji wake akiwa ni huyo huyo mwenye neno la siri. Aliporudi kutoka Jinja alikuwa bado hajarejesha zote kumi na moja. Alikuwa amerejesha nne, na baba yake alikuwa amemsikiliza mwenyewe baada ya Magharibi.

Ewe Mola wetu, zitakase nia zetu, yalinde macho yetu tukiwa peke yetu kama unavyoyalinda tukiwa mbele za watu. Utubarikie katika muda wetu, wala usituache na nafsi zetu hata kwa kupepesa jicho. Warehemu wazazi wetu wanaotutafutia karo, na uturudishe kwao na kitu cha kuwafurahisha. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.