Furaha Kabla ya Mavuno

Somo: Zaburi 65:9-13

Zaburi hii inaanzia hekaluni na kuishia shambani. Mwanzoni watu wanamjia Mungu na dhambi zao, naye anawasamehe. Katikati anaithibitisha milima na kutuliza bahari. Kisha, kuanzia mstari wa 9, Mungu huyohuyo anaonekana akishughulika na matuta: anayanywesha maji, analainisha udongo kwa manyunyu, anabariki kinachochipua. Aliyeweka milima ana nafasi ya kukagua tuta moja moja.

Tazama sifa zinaanza lini. Nafaka ingali bondeni, haijavunwa wala kuingizwa ghalani, na mabonde tayari yanashangilia. Sisi wakulima tumezoea kuahirisha furaha: tutafurahi kahawa ikishauzwa, ada ikishalipwa, bati likishapigwa. Yule tajiri wa Luka 12 alipanga vivyo hivyo, kwanza maghala makubwa, ndipo ale, anywe na kufurahi. Linalonihuzunisha zaidi ni kwamba katika mfano ule hazungumzi na mtu ila nafsi yake. Hakuna mke, hakuna mtoto, hakuna kibarua wala jirani. Shamba lilizaa sana, na hatusikii kwamba aliwahi kulizunguka na mtu.

Kwa hiyo nawasihi ndugu zangu wa Kilimanjaro, na kila mwenye shamba popote alipo: Jumapili baada ya ibada, zungukeni pamoja kihamba, yaani shamba la nyumbani. Acheni jembe na panga nyumbani, maana mwenye panga mkononi hupogoa tu, na watoto wataona kazi imehamia siku ya Bwana. Mtoto mdogo kuliko wote achague njia. Huenda akawapeleka kwenye mfongo, ule mfereji wa maji, kwa kuwa watoto hupenda maji. Mwambieni kwamba wazee waliichimba mifongo kwa mikono ili kushusha maji ya mito ya mlimani, wakapangiana zamu za kunyweshea. Walichimba njia, maji waliyakuta. Katika zaburi yetu Daudi anasema ni mto wa Mungu, nao umejaa.

Kwenye shina la mgomba simameni kidogo. Mkulima mzuri huacha mimea mitatu: mama aliyebeba mkungu, binti anayemfuata, na mjukuu aliyechipua juzi. Muulizeni mtoto nani ni nani. Kama bibi yupo na binti yake na mjukuu wake, hakuna haja ya kufafanua zaidi. Watacheka wenyewe, na kicheko hicho ni sehemu ya ibada ya siku hiyo.

Mkibahatika kukuta kahawa imechanua, kaeni hapo. Maua yale meupe hudumu siku chache tu, na harufu yake hujaza kihamba kizima. Kutoka ua hadi buni mbivu ni miezi kama minane, na katikati kuna ugonjwa wa chulebuni, kuna kutu ya majani, kuna bei isiyotabirika. Baba anayajua yote hayo. Kwa saa moja anaweza kuyaacha mikononi mwa Mungu na kumnyanyua mtoto anuse.

Na mwaka ambao mvua imekataa? Someni Habakuki 3:17-18. Nabii yule amelizunguka shamba lake kama ninyi: mtini, mzabibu, mzeituni, konde la nafaka, zizi la kondoo, banda la ng'ombe. Kote ni patupu. Hakuficha hata kimoja. Alikitaja kila kitu kwa jina lake, kisha akasema atamfurahia BWANA. Mwaka wa namna hiyo msiwaache watoto nyumbani kwa kuogopa maswali yao. Pitieni njia ileile, waonyesheni mahindi yaliyokaukia shambani, na mama au baba aombe kwa sauti papo hapo, wakisikia.