Kilichotelekezwa ni cha Nani?

Kuchukua kilichotelekezwa ni wizi? Mwaka 2024 Robert J. Sawyer, mtunzi wa riwaya wa Kanada, aliwagawia watu bure WordStar 7, programu ya kuandikia ya mwaka 1992, pamoja na DOSBox-X inayoiwezesha kufanya kazi kwenye kompyuta za leo. Mali haikuwa yake. Sasa sisi waandishi chipukizi, tunaolia kila siku na wanaodurufu vitabu, tumshangilie?

Mimi nasema ndiyo. Anayedurufu kitabu kilichoko dukani anampokonya mtunzi tonge mdomoni. WordStar haiuzwi tena. Hakuna anayekosa senti. Lakini ipo miswada ya watu iliyoandikwa kwayo, na bila yenyewe haifunguki sawasawa. Hakimiliki ni ngao ya jasho letu, jamani, siyo kaburi la maandishi.