Barua ya Mbwa

Hapa San Diego, hata ukipanga nyumba ambayo mkataba wake unakataza wanyama, sheria imekuachia mlango mmoja. Ile sheria ya Marekani ya haki katika makazi ya mwaka 1968, tangu iliporekebishwa 1988 ikawakumbuka wenye ulemavu, inamtaka mwenye nyumba alegeze masharti pale hali ya mpangaji inapodai hivyo. Mtu mwenye sonona, ambaye mnyama wake humtuliza, anaweza kuishi naye, wala halipishwi amana ya mnyama. Ila maradhi yasiyoonekana kwa macho mwenye nyumba ana haki ya kuyaombea uthibitisho. Ndiyo barua yenyewe.

Mpwa wangu alinijia na simu mkononi. Alikuwa amefiwa na mama yake, dada yangu, na tangu msiba ule usingizi ulimpaa. Alichukua mbwa kwenye kituo cha mbwa waliotelekezwa, akamwita Kashata kwa rangi yake. Sasa meneja wa majengo alikuwa amegundua.

"Mjomba, nikinunua hii nina dhambi?"

Nafundisha watoto Qur'ani siku za Jumamosi, basi ukoo mzima wananidhania mufti. Nikavaa miwani. Kilikuwa cheti chenye muhuri wa rangi ya dhahabu, kitambulisho cha plastiki chenye picha ya mbwa, na kizibao chekundu cha kumvisha. Kabla ya kulipa unajibu maswali: unakosa usingizi? Unapata hofu? Mnyama wako anakufariji? Kwa makusudi nikajibu hapana kila swali. Tukapongezwa, tukaelekezwa pa kulipia. Tovuti ilijigamba kuwa mbwa angeingizwa kwenye "sajili ya taifa", na serikali ya Marekani haina sajili yoyote ya wanyama wa namna hiyo.

Wazee msikitini waliposikia walikimbilia unajisi. Sisi tuliolelewa Tanga kwa madhehebu ya Shafi tunajua: kilicholowa mate ya mbwa huoshwa mara saba, moja kwa udongo. Wamaliki wanamhesabu mbwa kuwa twahara. Kuhusu kumfuga, hadithi imewatoa mbwa wa kuwinda, wa mifugo na wa shamba, na wanazuoni wengi wakaongeza mlinzi kwa qiyas, yaani kwa kulinganisha. Huzuni inayomzuia mtu kula na kulala nayo ni haja. Siioni ndogo kuliko haja ya kulinda mbuzi. Hayo ni maoni yangu, na sheikh wetu hayakubali. Nilimwambia mpwa wangu atenge chumba cha kusalia ambamo Kashata haingii, nikaishia hapo, kwa sababu swali alilouliza lilikuwa zito zaidi.

Hoja yake ilikuwa hii: kila kilichoandikwa kwenye cheti kile ni kweli. Hakika anaumwa. Hakika mbwa anamfaa. Sasa uongo uko wapi?

Nilikaa na swali hilo zamu nzima ya usiku, pale ninapohudumia wazee. Kilichonijia ni mwanzo wa Surat al-Munafiqun. Wanafiki wanakuja kwa Mtume na kushuhudia kuwa yeye ni Mtume wa Mwenyezi Mungu. Maneno yao ni kweli tupu. Hakuna kweli kuizidi. Na Mwenyezi Mungu anashuhudia kuwa wao ni waongo. Uongo umekaa kwa shahidi, katika kule kudai anakitoa moyoni kitu ambacho moyoni hamna. Muuza cheti ni vivyo hivyo. Anaapa kuwa anamjua mgonjwa, hali hakumwona wala hakumsikia. Angemwandikia hata maiti, ilimradi kadi ya benki ipokelewe.

Anayeumia na ushahidi huo sidhani ni mwenye nyumba. Ni mgonjwa wa kesho. Katika ndege tumeshaona: watu walipitisha vipenzi vyao vya kawaida kwa vyeti vya aina hii hadi serikali ikabadilisha kanuni, na tangu Januari 2021 mashirika ya ndege hayalazimiki tena kuwapokea wanyama wa faraja kama wanavyowapokea mbwa waliofunzwa kuwahudumia walemavu.

California ilichukua njia ambayo mimi, mtu wa madrasa, naipenda. Sheria iliyoanza Januari 2022 inamtaka mtaalamu anayeandika barua ya mbwa wa faraja awe na leseni, awe na uhusiano na mgonjwa kwa siku 30 angalau, na awe amempima. Kwa maneno mengine, shahidi amjue anayemshuhudia. Kadhi yeyote angeuliza hayo hayo. Na asidhani mtu kwamba simu ndiyo yenye kosa. Mwongozo wa wizara ya makazi ya Marekani wa mwaka 2020 uliukataa usajili wa kununua mtandaoni kuwa uthibitisho, lakini haukumkataa mtaalamu mwenye leseni anayemtibu mtu akiwa mbali.

Mpwa wangu alikuwa na pingamizi mbili. Ya kwanza: "Mimi si mlemavu, mjomba, nimefiwa tu." Hili sikuwa na jibu lake. Sheria inampa haki kupitia jina ambalo hakulitaka, na mtu asiyejihisi mlemavu hapaswi kushurutishwa. Mwishowe mshauri wa kliniki ya mtaa ndiye aliyemwambia kuwa msiba wake umeshavuka mpaka wa msiba. Ya pili ilinichoma: tajiri ana daktari wake wa siku zote, barua anaipata kesho yake; maskini anangoja miadi, kisha anangoja siku 30, na meneja anahesabu faini. Uaminifu umewekewa bei, na asiye nacho ndiye anayelipa zaidi. Bado nasema cheti kile ni ushahidi wa uongo. Ila siwezi kuwahubiria wenye shida kama vile kungoja ni bure.

Barua ilipokuja ilikuwa ukurasa mmoja: jina la kliniki, namba ya leseni, tarehe, na sentensi chache kuwa mpangaji yuko chini ya matibabu na mbwa anampunguzia dalili. Jina la ugonjwa halimo, wala meneja hana ruhusa ya kulidai. Alikubali, akakumbusha kuwa mbwa akitafuna mlango, mwenye mbwa atalipa.

Majuma yote ya kungoja Kashata alilala kwangu, kwani niliona haya kutoa fatwa bila kubeba mzigo wake. Mke wangu aliweka ndoo na udongo mlangoni, akaniuliza kama udongo wa dukani uliochanganywa mbolea unatwaharisha. Nilimwambia nitamuuliza sheikh. Mpaka leo sijamuuliza, maana atataka kujua tunaosha nini.