Sifongo wa Mapangoni
(Matendo ya Mitume 20:35)



Kila Ijumaa Kuu twasikia habari ya sifongo iliyotiwa siki, ikainuliwa kwa mwanzi hata kinywani mwa Bwana wetu. Wengi wetu tulio watu wa milimani hatujui ya kwamba kitu kile kilikuwa mwili mkavu wa mnyama wa baharini. Leo nawaeleza habari za mmoja wa jamaa yake, ambaye wataalamu humwita Halisarca caerulea.

Makao yake ni bahari ya Karibi, kama pale kisiwani Curaçao, ndani ya mashimo na mapango ya miamba ya matumbawe, mahali penye giza. Hana kinywa, hana tumbo, hana moyo. Ni kama ngozi nyembamba iliyoambatana na jiwe. Apitaye juu hamwoni.

Maji ya pale ni maangavu, nayo yana chakula kidogo. Walakini viumbe wamejaa tele. Watu wakastaajabu: wote hawa hula nini? Mwaka 2013 Jasper de Goeij, mtaalamu wa Uholanzi, pamoja na wenzake walitangaza sehemu ya jibu. Matumbawe na mwani hutoa kama utomvu uyeyukao majini, ambao wanyama wengi hawawezi kuula. Sifongo huyavuta maji kwa vitundu vyake, huutwaa utomvu ule na kuufanya mwili wake. Lakini ingawa ala sana, hakui sana. Chembe za mwili wake zivutazo maji hugawanyika kila baada ya saa zipatazo 6, na zilizochakaa huzitupa nje. Hizo huanguka kama vumbi, zikaliwa na konokono na wadogo wengine watambaao, nao wakaliwa na wakubwa. Hivyo kile ambacho kingalipotea chawalisha wengi.

Ndugu zangu, naungama kosa langu. Mwaka mmoja, katika sikukuu ya mavuno, nilisoma mbele ya usharika majina ya wote walioleta sadaka. Mjane mmoja sikumtaja, maana hakuleta kitu. Baadaye nilipata habari ya kwamba kila baada ya sikukuu mama yule huokota mahindi yaliyomwagika, huyapeta na kuyasaga, akawapelekea uji wagonjwa watatu wasioweza kufika kanisani. Mimi mchungaji wao sikuujua mkono uliowalisha. Nikaenda kumwomba radhi. Akacheka, akasema, “Baba Mchungaji, uji unapoa, nipishe niupeleke.”

Basi tujihoji: neema tuipokeayo kila Jumapili yaenda wapi? Mtume Paulo aliwakumbusha wazee wa Efeso ya kuwa Bwana mwenyewe alihesabu kutoa kuwa heri kuliko kupokea. Tusipokee ili tunenepe sisi tu. Wala tusiipime kazi ya mtu kwa daftari la usharika, kwa maana walio wengi wa watumishi wa Mungu wako mapangoni.

Yeye aonaye sirini na awabariki. Amina.