Amana ya Mto

Katika Mkoa wa Songwe, uliomegwa kutoka Mbeya mwaka 2016, iko mito miwili yenye jina moja. Songwe wa kwanza hupita Ileje, ukawa mpaka baina ya Tanzania na Malawi, kisha ukamwaga maji yake Ziwa Nyasa. Na maji ya Nyasa hushuka kwa Mto Shire hadi Zambezi, na kwa Zambezi hadi Bahari ya Hindi. Songwe wa pili huishia Ziwa Rukwa, kama ufanyavyo Mto Momba, wenye jina moja na wilaya ya huko mpakani, jirani na Tunduma. Rukwa halina mto utokao. Maji yake hupaa kwa jua, na yaliyobebwa na maji hayo husalia.

Kaskazini mwa mkoa huo liko eneo la Lupa, ambako dhahabu imechimbwa tangu miaka ya 1920. Mwamba wenye dhahabu mara nyingi huwa umechanganyika na madini ya aseniki. Ukivunjwa na kusagwa, na marudio, kama wachimbaji waitavyo mabaki yake, yakaachwa kupigwa na mvua, sumu hiyo huweza kufuata vijito. Aseniki ndani ya maji haina rangi, harufu wala ladha. Kuyachemsha hakusaidii: maji hupungua, sumu ikabaki. Mwaka 1993 Shirika la Afya Duniani lilishusha kiwango cha kuruhusiwa hadi miligramu 0.01 kwa lita, kiasi ambacho hakuna ulimi uwezao kukitambua. Anywaye zaidi ya hapo kwa miaka mingi huja kuona madoa ya ngozi na viganja vigumu, na pengine saratani ya ngozi, ya kibofu au ya mapafu. Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Cha nguoni angalau huuma. Hiki kimo kikombeni, nacho kimetulia.

Je, asiyejua ana lawama? Mchota maji hana, kwani jicho lake limefanya yote liwezayo. Ama mwenye mamlaka, mwenye maabara na mwenye faida ya machimbo, kutojua kwao ni kwa hiari. Na hata pasipo mkosaji, maana mwamba huweza kutoa aseniki bila ya kuguswa na mkono wa mtu, wajibu hauondoki. Lawama humtafuta aliyetenda. Wajibu humtazama awezaye. Ndiyo maana Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya 2009 imezikabidhi bodi za mabonde, na Rukwa ni bonde mojawapo kati ya 9 ya nchi, dhamana ya kuyaangalia maji. Kuyapima mara moja hakutoshi. Mto wa Februari uliojaa sio mto wa Oktoba uliokauka, wala maji ya juu ya machimbo sio ya chini yake. Kipimo cha leo, bila ya cha jana, hakina cha kulinganishwa nacho.

Lakini liko swali zito zaidi: kipimo kikisema maji ni mabaya, na mengine hakuna, yafaa kumwambia mnywaji? Swali hili limekwisha kuulizwa Bangladesh. Huko, tangu miaka ya 1970, visima vya bomba vilichimbwa kwa nia njema, kuwaokoa watoto na maradhi ya kuhara yaliyotokana na maji ya madimbwi. Mwaka 1993 ikathibitika kuwa visima vingine vina aseniki. Vilipopimwa, vya salama vilipakwa rangi ya kijani, vya sumu rangi nyekundu. Wako waliohamia kisima cha jirani. Na wako walioendelea kunywa penye wekundu, kwa kuwa cha kijani kilikuwa mbali. Mtu aweza kusema kwamba hao waliongezewa hofu tu juu ya kiu.

Hoja hiyo ina huruma, ila ina kiburi ndani yake. Anyamazaye huwa amekwisha kuamua kwa niaba ya mwingine, na aliyeamuliwa hakuulizwa. Mama ajuaye huweza kumtengea mtoto maji ya mvua, akayaacha ya mto kwa kufulia. Huweza kusimama mkutanoni na kudai kisima. Asiyejua hana hata la kudai. Habari ya maji ni amana, na mwenyewe ni yule ayanywaye. Tarakimu zikilala kabatini kwa kuchelea taharuki, amana imeliwa. Zisomwe kwenye mkutano wa kijiji, kwa Kiswahili chepesi, zikiwa njema au mbaya. Na asomaye asiondoke kabla ya kuulizwa lile swali lililo gumu kwake: basi tunywe wapi?