Aliyekwisha Kuuza Jembe

Mhunzi wa zamani wa Ufipa akishauza jembe, hakurudi usiku kulifupisha. Gari la umeme si hivyo: mtengenezaji aweza kubadili programu yake akiwa mbali, kama simu zetu hapa Sumbawanga. Mwaka 2019 Tesla ilituma programu mpya kwenye Model S za zamani. Baadhi zikapungukiwa mwendo kwa chaji moja. Kampuni ilisema yalinda betri. Mwaka 2021, huko Marekani, ilikubali kulipa dola milioni 1.5 kumaliza kesi.

Je, nia njema yatosha? Twaona haitoshi. Kulinda mali ya mwenzio ni wema. Kuipunguza bila kumwuliza ni kumfanya mpangaji wa kitu alichokwisha kununua.